Likizo ya Sikudhani

Bwana Kisamo alirudi Tanga kutoka Marekani akiwa na amri mpya: nyumbani kwake tarehe iandikwe kama huko, mwezi kwanza, siku baadaye.

Januari ile mpishi wake, Sikudhani, akaomba likizo ya mwezi mzima.

"Mwezi? Mimi nile mawe?" Kisamo aling'aka. "Siku mbili tu! Andika, nisaini."

Sikudhani akaandika: 2/5 hadi 2/6. Kisamo akasoma, Februari tano hadi Februari sita, akasaini. Sikudhani akapumzika siku zake mbili, akarudi jikoni.

Tarehe mbili Mei, Kisamo alimkuta getini na begi.

"Wapi tena? Likizo si ulishakula Februari?"

Sikudhani akatoa karatasi ileile. "Februari tuliisoma Kimarekani, bosi. Leo tunaisoma Kiswahili. Tuonane mwezi wa sita!"