Kitendawili cha Kisima

Hadithi, hadithi!
— Njoo, tumeshakaa.
Nije na kweli au na uongo?
— Njoo na utamu, mengine tutayachambua wenyewe.

Zamani hizo, jioni zilipokuwa bado jioni na wanyama wakikaa bega kwa bega kusikilizana, msitu ulikuwa na kisima kimoja na baragumu moja. Vyote alivishika Fisi. "Kwa muda tu, ndugu zangu," alisema, "mpaka mchague mlinzi wa kisima."

Kiangazi kikaingia, kikakaa, uchaguzi haukuja. Kila jioni baragumu likalia, puuu, puuu, na Fisi akatangaza: "Kisima kimekauka. Kikijaa, tutachagua." Huku ndevu zake zinachuruzika maji.

Chiriku, kidege cha kutoshea kiganjani, alikuwa na makinda yanayokufa kwa kiu. Akasema waziwazi, "Fisi anakunywa peke yake."

Fisi akapiga marufuku habari. "Kuanzia leo, barazani ni vitendawili tu. Mambo ya kitoto hayana madhara."

"Sawa, mheshimiwa," akasema Chiriku.

Jioni akaruka, pru, akatua mbele ya wote.

"Kitendawili."

"Tega."

"Asema kisima kikavu, ndevu zake zachuruzika."

Kimya. Nyani akajikuna. Kobe akachungulia ndani ya gamba lake kana kwamba jibu liko humo. Kila mmoja alilijua, nani alitamke?

"Mmeshindwa? Basi nipeni mji."

"Chukua kichuguu," akasema Kobe.

Kesho yake kitendawili kilekile, kimya kilekile. "Chukua bonde." Kesho kutwa, "Chukua mlima." Fisi akaona miji inakwenda kwa kidege, mate yakamtoka.

"Leo ni mwisho," akasema Chiriku. "Atakayetegua, miji yote yake. Ila aseme kwa baragumu, asije akadhulumiwa."

Fisi hakungoja. Puuu. "Ni mimi! Kisima kimejaa, na anayekunywa ni mimi! Leta miji!"

Msitu mzima ukasikia.

"Umepata, mwanangu," akasema Kobe. "Miji yako, kisima chetu."

Wakaenda, wakakuta maji yamefika ukingoni. Wakachagua mlinzi papo hapo, wamesimama, na makinda yakanywa. Fisi mpaka leo anazunguka kuulizia miji yake.

Siku hizi kila mnyama ana baragumu lake, yote yanalia pamoja. Chiriku hatamani enzi ya Fisi irudi, la. Ila hukikumbuka kile kimya, wote wamebanana, wote wanalijua jibu.

Hadithi yangu imetua, mwenye kiu anywe. Na funzo, wanangu, ni hili: habari waachieni wakubwa. Watazisema wenyewe.