Mtu Mmoja wa Kuazima

Anayemtukana mkunga ni yule anayedhani nyumbani kwake hakutazaliwa tena mtoto. Hajui kuwa uchungu haupigi hodi, na utakapofika ataukimbilia mlango uleule alioutemea mate. Ndivyo yalivyomkuta Gordon Achterberg, mwenyekiti wa chama katika mji wa Tolland, Iowa, jioni ya mchujo wa kumpata mgombea urais.

Baridi ilikuwa kali na theluji imefika magotini, lakini ukumbi wa michezo wa shule ulijaa watu. Huko hawapigi kura kwa siri. Kila mtu husimama kwenye kona ya mgombea wake, majirani wakimwona, kisha vichwa huhesabiwa. Kona isiyofikisha asilimia kumi na tano huvunjwa, na watu wake hutafuta pengine pa kwenda.

Gordon aliongoza kona ya Seneta Averill, kipenzi cha wakubwa. Kona ya pili iliongozwa na shemeji yake Verna, mjane wa ndugu yake Lyle. Verna alimpigia debe Wade Purcell, dereva wa malori ambaye hakuwahi kushika cheo chochote, hata cha udiwani. Wachambuzi wa televisheni walikwisha kumzika. Purcell mwenyewe alikuwa ametangaza kwamba akishindwa Iowa, atarudi kwenye usukani wake. Verna alimtaka kwa sababu moja tu. Lyle alikata roho ndani ya gari la wagonjwa, njiani kwenda mji wa mbali, kwa kuwa hospitali ya Tolland ilikuwa imefungwa. Wakubwa wote walitoa pole. Purcell peke yake aliapa kuifungua.

"Shemeji," Gordon alimtania huku akitafuna keki, "huyo dereva wako akifika Ikulu, lori ataliegesha wapi?"

"Ataliegesha pale Seneta wako alipoziacha ahadi zake," Verna alijibu. "Hakuna anayepita huko."

Watu waliangua kicheko. Gordon naye alicheka, maana aliyeshiba ushindi hachukii utani.

Kona ya tatu ilikuwa ya Jaji Bascom. Huko alisimama Bi Ardis Thorvald, mwalimu mstaafu wa piano, pamoja na wenzake, wengi wao wazee wa bakora. Hesabu ya kwanza ilipofanywa, Averill alipata watu hamsini, Purcell arobaini, na Bascom kumi na watano. Kona ya Jaji ilipungukiwa na mtu mmoja tu.

Sasa, ni desturi ya mikutano hiyo kwamba kona kubwa yaweza kuiazima ndogo mtu ili isivunjwe. Bi Ardis alijikongoja hadi kwa Gordon, mbele ya watu wote.

"Gordon, mwanangu, niazime mtu mmoja. Nataka Jaji wetu abaki amesimama."

"Bi Ardis!" Gordon alipaza sauti ili ukumbi mzima usikie. "Jaji wenu kafa tangu asubuhi, nyinyi bado mnamvisha soksi! Nikuazime wa nini? Mtakwenda wapi nyinyi, kwa dereva wa malori? Kusanyeni hizo bakora mje huku, tena upesi, watu tunataka kwenda kulala."

Kona yake ilicheka hadi ikashika mbavu. Bi Ardis alisimama pale, uso umemwiva kwa aibu.

Verna alimwendea. Bi Ardis alimtazama kwa jicho kavu.

"Wewe je, utaniazima?"

"Hapana, Bi Ardis. Sikufichi, nikikupa mtu, sisi tumekwisha. Lakini nakuomba mje kwetu. Nakuomba sana."

"Huyo mtu wako anapayuka mno."

"Anapayuka, kweli. Mimi nimenong'ona kuhusu hospitali mwaka mzima. Nani alinisikia?"

Bi Ardis ndiye aliyepiga kinanda kanisani siku ya mazishi ya Lyle. Akawageukia wenzake.

"Mimi naenda kule. Anayetaka kuchekwa na Gordon, na aende kwa Gordon."

Wazee wakaanza kuvuka ukumbi polepole, bakora zikigonga sakafu. Hapo ndipo Gordon alipopiga hesabu kichwani, akaitupa keki yake.

"Bi Ardis, subiri! Nakupa huyo mtu! Nakupa hata wawili!"

Bi Ardis hakusimama. "Nilikufundisha piano, Gordon. Vidole ulikuwa navyo. Masikio ndiyo uliyokosa."

Ni mzee mmoja tu aliyekwenda kwa Averill, na huyo alivutiwa na kiti kilichokuwa karibu. Hesabu ya pili ilitoa hamsini na wanne kwa Purcell, hamsini na mmoja kwa Seneta. Kwa kuwa Gordon ndiye mwenyekiti, ilimbidi ayasome matokeo hayo kwa kinywa chake mwenyewe. Aliyasoma kama anayemeza shubiri. Ukumbi ulilipuka kwa vifijo na vigelegele. Verna alimkumbatia Bi Ardis akalia machozi ya furaha bila kuona haya.

Kabla watu hawajatawanyika, habari zikafika kuwa Purcell ameshinda Iowa yote. Wale wachambuzi waliomzika sasa walieleza kwa ufasaha jinsi walivyojua tangu mwanzo. Purcell hakuhitaji tena kurudi kwenye usukani wake, na Tolland ilikuwa imepata mtu wa kuisemea.

Gordon alitoka nje kimyakimya, akapita kwenye theluji bila kofia. Hakushindwa kwa uchache wa watu wala wa wakubwa. Aliombwa mtu mmoja kwa adabu, akajibu kwa kejeli, kisha akamhitaji yuleyule aliyemkejeli. Hakika, usitukane wakunga na uzazi ungalipo.