Aliyengoja Penye Ngazi ya Meli

Wakupungiao ni wengi, akungojaye ni mmoja. Shangazi Mwanamkasi alimtupia Kidawa maneno hayo mchana huu, pale Kidawa alipokataa kuja kula kwa sababu watu chungu nzima walikuwa wanaipenda picha yake kwenye simu. Shangazi akaifunika sahani yake kwa kawa, akaenda kuswali. Basi wadogo zangu wakanigeukia: "Kaka Shekue, methali hiyo imetoka wapi? Shuleni hatujaisikia."

Hamjaisikia kwa sababu imezaliwa humu nyumbani, na mkunga wake ni mimi. Nitawasimulia ilivyoanza. Lakini kwanza mjue mnaongea na nani: mtu asiyejua upweke. Nitupeni mji wowote duniani asubuhi, adhuhuri nina watani, jioni naalikwa harusini.

Shangazi, kama mjuavyo, aliuguza wazee Marekani miaka mingi. Alipostaafu, wenzake kazini walimkatia tiketi ya watu wawili kwenye meli ya starehe inayozunguka visiwa vya Karibi. Akanichagua mimi. Yeye anasema ni kwa sababu sikuwa na kazi. Mimi nasema ni uso wangu.

Asubuhi moja meli ikafunga gatini Grenada. Magoti ya shangazi yalikuwa yamevimba, akabaki. "Nenda, baba, ukanitazamie kisiwa," akaniambia. "Ila honi ya kwanza ikilia, uwe njiani. Meli haina mjomba, itakuacha."

Nikashuka nikijiona nimefika kwetu. Harufu ya karafuu na kungumanga, mashelisheli yanachomwa kando ya njia, na watu, wallahi, ni sisi watupu. Mzee mmoja muuza mashada ya viungo alikuwa Mjomba Chande kabisa, hata namna ya kukuna sikio. Nikamwamkia: "Shikamoo, mjomba."

Akatabasamu tabasamu la dukani. "Karibu kisiwani kwetu," akasema kwa Kiingereza. "Umekuja na meli ipi?"

Nikamwonyesha. Akanivisha shada la kungumanga, nikamlipa, akamgeukia mgeni mwingine kwa tabasamu lile lile na maneno yale yale.

Mbele nikakutana na mume na mke waliokuwa wakikaa meza ya jirani yetu kila asubuhi melini. Nikafurahi kama nimeona ndugu. Yule bwana akaniuliza, "Kijana, teksi zenu zinapatikana wapi?"

"Mimi abiria mwenzenu, bwana. Jana nilikusogezea chumvi."

Wakacheka sana, wakasemezana kwamba watu wa kisiwa hiki ni wachangamfu.

Hapo nikawa kiumbe cha ajabu: wenyeji wananiona wa meli, wa meli wananiona mwenyeji. Nikapanda kilima. Mabasi ya watalii yakipita, wananipungia. Watoto wa shule wananipungia. Hata bibi mmoja dirishani. Nikawapungia wote mpaka bega likauma, na hakuna aliyesimama. Nikakaa juu ya ukuta, nikala shelisheli peke yangu. Nikaliambia utani. Halikucheka.

Honi ikalia nikiwa huko huko juu. Nikashuka kwa njia niliyodhani ndiyo, ikanitoa makaburini. Nikarudi nilikotoka. Honi ya pili.

Nilipofika gatini, sitaha zote zimejaa watu wananipungia na kunipigia makofi. Ndio mchezo wao, kutazama waliochelewa. Mabaharia wawili walikuwa wanataka kuiondoa ngazi, na chini yake, juu ya kiti cha plastiki, yuko shangazi na kanga yake begani. Amewaambia hapandi mpaka mtoto wa kaka yake aje. Wakitaka waende zao, wampe tu mfuko wake wa dawa.

Basi mimi nikaja polepole, mikono mfukoni, nikamtuliza: "Usihuzunike, shangazi, nipo. Unaona? Wakupungiao ni..."

"Mikono mfukoni?"

Shangazi mwenyewe alikuwa mlangoni, ametoka kuswali, mswala begani. Sijui alisimama hapo tangu lini.

"Huyu alikuja mbio," akawaambia wadogo zangu, "ndara moja mguuni, moja mkononi, shada limemkatikia, anazimwaga kungumanga njia nzima. Akanipita. Machozi hayakumwacha aone. Nikamwita, 'Shekue.' Akarudi, akaishika kanga yangu kwa mikono miwili, akasema, 'Shangazi, niite tena.'"

Wadogo zangu wakanitazama. Nikainama, nikajifanya natafuta ndara zangu.

"Kwa hiyo methali aliisema nani?" akauliza Kidawa. Simu alikwisha kuiweka chini, na mkono wake ulikuwa juu ya kawa.

"Mimi, nikimfuta kamasi," akasema shangazi. "Wakupungiao ni wengi, akungojaye ni mmoja. Kula, mama, wali umepoa."