Meno ya Punda wa Mbeleje

Hapo zamani, si zamani ya wafalme, ni ile ya juzijuzi, kijijini Chinyika watu wakifuata maji tangu jogoo hadi jua la utosi, palikuwa na mwanamke aitwaye Mbeleje. Mgongo wake ulishaanza kuikataa ndoo. Mwaka mzima alimpikia Helena, nesi Mzungu wa zahanati, na jioni akijifunza Kiingereza kwa Mwalimu Chiduo.

Siku ya kurudi kwao, Helena akamleta punda wake jike mbele ya watu. "Mbeleje, huyu wako."

Mbeleje akapiga goti, akashukuru. Kisha akafanya alivyofundishwa na baba yake: akamfungua punda kinywa, akahesabu meno. Kwao, mnyama wa kupewa asipokaguliwa, mtoaji hujiuliza, "Kwani nimetoa takataka?"

Helena akaiva uso. Akatamka methali ya kwao kwa Kiingereza, akamalizia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: "Kama hutaki, nampa mwingine. Gari linakuja saa tisa." Akaingia ndani.

Mbeleje akaduwaa. Farasi, zawadi, kinywa: kila neno alilijua likiwa peke yake, yalipokaa pamoja yakamgeuka. Farasi katokea wapi? Na yeye kakosa nini? Akalia, "Jamani! Atakayenielewesha kabla ya saa tisa, mtoto wa kwanza wa punda huyu ni wake!"

Mwalimu Chiduo akaja mbio. "Anasema farasi wa zawadi usimtazame kinywani."

"Mwalimu, huyu si punda?"

"Farasi ni mfano, dada. Ni zawadi yoyote."

"Sasa nisipomtazama kinywani nimtazame wapi, mkiani?"

Watu wakaangua kicheko. Chiduo akajikuna kichwa. "Hapo ndipo Kiingereza changu kinapoishia."

Mzee Nhonya, dalali wa mnadani, akakohoa. "Mwanangu, meno husema umri. Mimi nikimfungua ng'ombe kinywa, muuzaji hununa, anajua nataka kushusha bei. Mwenzio kaona unaipima zawadi yake."

"Lakini mzee wangu, mimi nilikuwa namheshimu!"

"Hilo sijui. Mimi najua mnada."

Mbeleje akazidi kupotea. Hapo mama mkwe wake, Mama Ndahani, asiyejua hata herufi moja, akakaza kanga, akamfuata Helena ndani. "Mwanangu, kwenu mtu akipewa kitu hufanyaje?"

"Hushukuru. Hukagua mtoaji akishaondoka."

"Ee! Sisi hukagua akiwepo, aone tumemthamini."

Helena akajishika mdomo. Akatoka mbio, akamkumbatia Mbeleje, akamtia kamba ya punda mkononi. Wakalia wote wawili, gari likipiga honi.

Mwaka haukuisha, punda akazaa. Wale watatu wakafika asubuhi moja.

"Bila mimi," akasema Chiduo, "mngejua methali imesema nini?"

"Na bila mimi," akasema Nhonya, "mngejua inauma wapi? Maneno matupu hayanunui hata mbuzi."

"Ninyi mlijua mkakaa," akasema Mama Ndahani. "Mimi sikujua, nikaenda kuuliza."

Chiduo akacheka. "Mama, wewe ulimwelewesha Helena. Ahadi ilikuwa ya kumwelewesha Mbeleje!"

"Na punda angebaki na nani, mwalimu, kama Helena asingeelewa?"

Mbeleje akasimama katikati, kamba ya yule mdogo mkononi. Akimtazama huyu, ana haki. Akimgeukia yule, naye ana haki. Hata sasa, wajukuu zangu, hajaiachia ile kamba. Je, nani alistahili?