Elfu Moja na Tisa

Inasimuliwa, na Mola ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji wa Siyu, zama za wazee wetu, aliishi mwanamke mchamungu akiitwa Mwanatumu binti Shee. Mumewe alimwacha kwa kuwa hakuzaa. Tangu hapo wanawake wenye watoto wakimwona hugeuza njia, eti ana nuksi. Hebu fikirini, mtoto wa watu ana kosa gani! Akabaki na sala zake, na hisabu aliyofundishwa na marehemu babake.

Siku moja Maalim Shekuwe, imamu wa mji, alitoa mtihani. Alitaja nambari: elfu mara elfu, na juu yake elfu ishirini na mbili, mia moja na kumi na saba. Je, inagawanyika sawasawa, au ni nambari tasa, isiyogawanywa na yoyote ila moja na yenyewe? Atakayejibu atapewa kusomesha darsa ya wanawake kila Alhamisi.

Neno lile, tasa, lilimchoma Mwanatumu. Akaipenda nambari ile kama ndugu yake. Miezi mitatu aliigawanya ubaoni, kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, akapanda hivyo hivyo, na kila mara kinabaki kitu. Alipofika elfu moja akaweka kalamu chini, kwani elfu mara elfu si ndiyo mwisho wake? Akaenda kwa Maalim.

"Ni tasa, Maalim."

Maalim akamtazama usoni. "Darsa ni yako, binti Shee."

Basi nyumba yake ikajaa watu! Wale wale waliomkimbia wakawa wanampakatisha watoto wao, naye akilia kwa furaha.

Siku moja, akitayarisha somo peke yake, akashtuka. Ile elfu ishirini na mbili ya juu aliisahau! Kumbe ilibaki nambari tasa moja ya kujaribu, elfu moja na tisa. Akagawanya. Hakikubaki kitu.

Nafsi ikamwambia, "Nani atajua?" Akawaza mikeka mitupu, akaogopa, wallahi akaogopa sana. Lakini Alhamisi ilipofika alisimama mbele ya wote, Maalim akiwapo.

"Nilikosea. Ni elfu moja na tisa mara elfu moja na kumi na tatu. Niliiita tasa, kumbe ina wazazi wawili, na hao wazazi ndio tasa."

"Ala! Kumbe darsa hii hakuistahili!" akasema mmoja, akamnyanyua mwanawe kutoka mapajani pa jirani. Wakatoka mmoja mmoja.

Maalim akabaki, ameinamisha kichwa. "Mwanangu, nambari ile niliizidisha mimi mwenyewe. Nilijua umekosea tangu siku uliponijibu. Nilikuonea huruma, ulivyokuwa peke yako."

"Maalim," akasema Mwanatumu, "watu walinikimbia, nikavumilia. Hisabu peke yake ndiyo haikuwahi kunidanganya. Na wewe ukaitia uongo, ukauita huruma?"

Mzee yule akalia, akamwomba radhi, naye akamsamehe.

Sitawadanganya, ndugu zangu, kwamba upweke wake uliisha. Alhamisi iliyofuata hakuja mtu. Mwanatumu alitandika mkeka mmoja, akaketi na ubao wake, akaanza upya kugawanya, kwa mbili. Mola atujaalie tuweze kukaa na ukweli hata pale tunapokaa nao peke yetu.