Si Wewe, Mama, Ni Mbwa

Ndugu zangu, leo sikuja kuwachekesha. Wale waliozoea mifano yangu ya kuku na mahindi wakae vizuri, maana huu wa leo umenikaba kooni tangu jana na nautoa hapa hapa mbele yenu. Na msianze kuulizana ni jumuiya gani. Ni mfano. Kila mtu ausikilize kama wake.

Kulikuwa na mama mmoja, mjane, mtu wa kanisa hasa. Enzi zake, jumuiya ikisali nyumbani kwake, chai ilikuwa ya maziwa na maandazi hayakuisha. Siku moja akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Hospitali wakafanya walichoweza, wakamrudisha nyumbani na magongo mawili na maneno ya pole. Watoto wake wako mbali na kazi zao. Akabaki yeye na nyumba, na mbwa.

Mbwa mwenyewe aliitwa Bosi. Mzee, rangi ya kahawia, sikio moja lilichanwa zamani kwenye ugomvi. Tangu mama avunjike, Bosi aliacha banda lake la nje, akahamia mlangoni, kisha sebuleni, mwishowe chini ya kiti kabisa, kichwa juu ya miguu ya mama. Siku za kwanza mama alimfukuza. Baadaye akachoka, akamwacha. Ukikaa kutwa nzima bila kusikia hodi, hata mbwa anayekoroma ni mtu wa kuongea naye.

Jirani alikuwa akimchotea maji kila asubuhi. Anatua ndoo mlango wa jikoni, anauliza umeamkaje, kabla hajajibiwa ameshafika kwake. Na bafu lenyewe lilikuwa nje, lina kizingiti kirefu na sakafu ya kuteleza, na ndimo alimovunjikia. Hakulikanyaga tena. Akawa anajipangusa kwa kitambaa chenye maji, amekaa kitandani, pale mkono unapofika. Pale usipofika, akamwachia Mungu.

Sasa, jumuiya yao, kama hizi zetu, ilisali nyumba kwa nyumba kwa zamu. Zamu ya mama ikafika, wakaja, wakasali mbio mbio, chai wakasema wameshiba. Zamu iliyofuata wakamruka. Wakamruka tena. Mama akadhani wamesahau, akatuma ujumbe kwa mwenyekiti kwamba yeye yupo na viti vyake vipo. Mwenyekiti, mwanamke mstaarabu sana, anayejua kuongea na watu, akaja mpaka mlangoni. Kuingia hakuingia. Akamwambia mama asijisikie vibaya, wenzake wanampenda mno, ila kuna kajambo kadogo tu, ka harufu.

“Si wewe, mama,” akasema. “Ni mbwa. Watu wanashindwa kukaa naye ndani.”

Mnajua mama alifanya nini? Alifurahi. Ndiyo, alifurahi, kwa sababu mbwa ni kitu cha kuogeshwa, na akishaoga yamekwisha. Akamwomba mwenyekiti wiki ijayo waje kwake, watamkuta Bosi ananukia. Mwenyekiti akasema sawa, akaaga, akaenda na mkoba wake. Je, aliuliza, mama, na miguu hiyo utamwogeshaje? Je, alivua viatu akakunja mikono ya blauzi? Nyamazeni tu. Jibu mnalo.

Mara ya kwanza mama alijaribu kama zamani, kwa kuinama. Akaegemeza magongo ukutani, akashika kamba ya Bosi mkononi, akammwagia maji ya baridi. Mbwa ni mbwa. Akaruka, kamba ikamzunguka mama miguuni. Mama akadaka nguzo ya baraza, akaikumbatia kwa nguvu zake zote, huku akijua kabisa kwamba akianguka tena hakuna atakayemwona mpaka ndoo ya kesho iletwe. Waamini wote wa mtaa ule, na nguzo ndiyo iliyomsaidia.

Alipotulia akakaa chini, akalifikiria jambo lile upya. Kesho yake akatandika magunia barazani ili pasiteleze, yeye wala mbwa. Kiti akakiegemeza ukutani kisije kikarudi nyuma. Ndoo hawezi kuibeba, basi maji ya uvuguvugu akayagawa kwenye chupa, akawa anazihamisha chache chache kwenye kikapu alichojitundika shingoni, mwendo wa kobe, gongo kwa gongo. Sabuni, kopo na taulo kuukuu akaviweka karibu kabla hajamwita mbwa, maana mtu wa magongo akishalowa hainuki tena kwenda kutafuta kitu. Kamba akaifunga fupi kwenye nguzo, si mkononi tena. Kisha akakaa, akamwita Bosi kwa sauti ya chini, akampa tonge la ugali.

Akaanza mgongoni, akashuka kifuani, uso akaupangusa kwa kitambaa tu maji yasiingie masikioni. Kupe akawang'oa mmoja mmoja. Akichoka anapumzika, nyonga ikimchoma anauma upindo wa kanga, maumivu yakipungua anaendelea. Bosi alitulia muda wote akimtazama. Kazi ikachukua asubuhi nzima, lakini mbwa akatakata.

Naona wengine mnatabasamu, padre leo anatufundisha kuogesha mbwa. Tabasamuni. Bado kidogo tu.

Siku ya jumuiya ikafika. Mama akavaa kitenge chake cha sikukuu, akachemsha chai kwa shida anayoijua mwenyewe, akakaa kwenye kiti chake na Bosi chini yake, manyoya yanang'aa. Wakaingia. Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, wakakaa, sala ikaanza. Haikufika mbali. Mmoja akatoa leso, akaiweka puani. Mwingine akainuka kufungua dirisha, akalikuta limeshafunguliwa.

Mama akaona. Akasitisha sala, akamvuta Bosi, akainama kwa taabu akamnusa shingoni. Sabuni tupu. Akashangaa. Akadhani labda pua yake imezeeka, akaomba radhi, akamwomba mmoja wa akina mama amtoe mbwa nje na kufunga mlango. Mbwa akatolewa. Mlango ukafungwa. Sala ikaendelea.

Leso haikutoka puani.

Hapo ndipo mama alipoelewa. Akaitazama mikono yake, akakitazama kitenge chake cha sikukuu, akawatazama wenzake ambao sasa kila mmoja alikuwa anachungulia miguu yake mwenyewe. Aibu iliyompata, ndugu zangu, siwezi kuipima. Alivunjika nyonga hakulia. Siku ile machozi yalimtoka.

“Mwenyekiti,” akasema, “mbwa yuko nje.”

Mwenyekiti akainamia kitabu chake cha sala.

“Mbwa nimemwogesha mwenyewe. Mimi nitaogeshwa na nani?”

Swali ni hilo. Si gumu. Halihitaji shahada wala halihitaji seminari. Na chumba kile kilijaa wanawake waliozaa, waliolea, waliokwisha kuogesha watoto wao na wa wenzao mpaka hesabu imewapotea. Mnataka kujua walimjibu nini? Mwenyekiti alikohoa, akasema, basi tufunge kwa sala. Wakasimama. Wakamwombea mama afya njema. Wakamwombea na faraja. Wakatoka mmoja mmoja, wakipishana mlangoni na mbwa aliyekuwa anarudi ndani. Chai ikapoa kwenye chupa. Bosi akaenda pale pale, akalaza kichwa juu ya miguu ya mama.

Sasa niwaulize ninyi. Katika nyumba ile, nani alikuwa na pua kali kuliko wote? Mbwa ananusa nyayo za mwizi wa jana. Yeye harufu ile aliisikia kabla ya mwenyekiti, aliisikia mchana na usiku, na kila siku alisogea karibu zaidi. Sisi tuliobatizwa tukatoa leso.

Nina hasira, na sitaificha. Tunasema ni ustaarabu. Tunasema mtu mzima haambiwi ananuka. Sawa, nakubali, haambiwi. Anachemshiwa maji. Anashikwa mkono mpaka bafuni, anawekewa kiti na gunia chini asiteleze, anasuguliwa mgongo na mtu anayemwita mama, huku wakipiga stori za zamani. Nani amesema kuna haja ya kumwambia? Sisi hatukunyamaza kwa sababu ya heshima. Tulinyamaza kwa sababu kama tungesema ukweli, tungelazimika kushika dodoki. Tukaona rahisi kumsingizia mbwa, tukamwacha mama wa magongo ahatarishe nyonga yake kwa uongo wetu.

Na tuna mbwa wengi wa kuwasingizia. Hatumtembelei mgonjwa, eti geti lake gumu. Hatuendi kwa mzee, eti mkwe wake ana maneno. Hatukai na mwenzetu aliyepooza, eti nyumba yake ina giza. Kila mlango tusioutaka tumeshaufungia mbwa mbele yake, na mioyo yetu inalala usingizi mzuri kabisa.

Kila Alhamisi Kuu tunaoshana miguu hapa mbele ya altare. Miguu gani ile? Ile ambayo kila mmoja ameshaisugua kwake tangu asubuhi, akaipaka mafuta, akavaa soksi mpya. Tunaosha kilicho safi, kwaya inaimba, tunafuta machozi. Halafu mtaa wa pili kuna mtu hajaguswa na maji mgongoni tangu avunjike. Tunamdanganya nani?

Kwa hiyo leo sitawaambia mkaombe. Mmeomba vya kutosha. Mkitoka hapa, kabla ya kwenda kupika, kila mmoja wenu kuna mlango anaoujua. Jina la mwenye nyumba limeshakujia, usijifanye. Nenda. Usibebe sukari, usibebe kadi ya pole. Beba ndoo na sabuni. Na ukifika ukamkuta mbwa amelala chini ya kiti, usimfukuze. Amekutangulia.