Sakafu ya Farasi wa Bwana Nasibu

Alikuwapo tajiri mmoja, Bwana Nasibu, aliyempenda farasi wake kwa maneno matupu. Alimjengea banda, akamwaga saruji chini, basi. Mtunza farasi wake, Mshangama, alipoona magoti ya mnyama yanachubuka kwa kulalia sakafu tupu, akaenda kuomba magunia kumi ya maranda ya seremala.

"Maranda?" Bwana Nasibu akafoka. "Yaoze, yanuke, yanijazie nzi? Ukiyataja tena, fungasha virago!"

"Sitayataja tena, bwana," Mshangama akajibu. "Na kweli, hayana haja: farasi yumo bandani tangu alfajiri, na sakafu kavu. Hata tone!"

Tajiri akavimba kichwa. Alasiri wageni wake walipoketi sebuleni juu ya zulia jipya nene, akawasimulia habari za farasi asiyelowesha banda. Wageni wakaguna.

"Wasije wakasema unatia chumvi, bwana," Mshangama akamnong'oneza. "Nimlete wamwone?"

"Mlete! Mpaka hapa hapa!"

Farasi akaingia, akakanyaga zulia, akalinusa, akatanua miguu ya nyuma. Kilichofuata kiliwafanya wageni wapandishe kanzu na kukimbilia mlangoni.

"Mshangama! Nini hiki?"

"Farasi hapendi kukojoa penye sakafu ngumu, bwana, anachelea kujirushia miguuni. Hujizuia mpaka akanyage kitu laini."

Bwana Nasibu akalitazama zulia lake.

"Ulisema magunia mangapi?"

"Yalikuwa kumi, bwana. Lakini sasa amekwisha kuonja zulia. Tuseme ishirini."